Kama Gunia la Mchele: Siku Niliyopanda Pikipiki Mpaka Croydon

Picha ilifika Wete kabla yangu. Nashuka garini, hata mizigo haijateremshwa, Bi Mize ananishika mkono: "Shoga, ni wewe kweli yule mwenye suruali?" Ni miye. Suruali nimevaa, helmeti nimevaa, na pikipiki nimeipanda kama wanavyopanda wanaume, mguu huku na mguu huku, katikati ya London, na umri wangu huu. Kwa kuwa kila mmoja wenu amekuja kivyake na swali lile lile, na sukari yangu inakwisha kwa kuwapikia chai, nimeona niandike mara moja, na asiyejua kusoma asomewe. Skuli niliishia darasa la nne. Msinitafutie makosa ya herufi.

Mambo ya viza na ndege siyasemi, yanachosha. Nilikwenda kwa sababu kaka yangu Seif alikuwa mgonjwa huko Croydon. Nilimkuta hai, tukazungumza, kisha akaenda zake, Mungu amrehemu. Nikabaki kusubiri arubaini. Nilifikia kwa mwanangu Hamad, Hounslow, pale ndege zinapopita juu ya mapaa mpaka kikombe kinatetemeka kwenye kisahani.

Nyumba ile niliikuta ina vita. Mjukuu wangu Nasra, binti wa Hamad, ana pikipiki. Kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: huyu anamwosha, yule anampa dawa, wa tatu anamlisha, na nyumba zao ziko mbalimbali, na wa kwanza anamhitaji alfajiri kabla mabasi hayajachangamka. Hamad hataki. Yeye mwenyewe ujanani alianguka na vespa hapa hapa Wete, wengine mnakumbuka, na goti lake mpaka leo linalia akipanda ngazi. Akamwambia mtoto auze. Mtoto akasema akiuza pikipiki, kauza na kazi. Wakawa hawasemeshani ila kwa kupitia kwangu, "Mwambie baba," "Mwambie huyo mjukuu wako," nami nimekaa katikati kama simu.

Mwisho Hamad akasema, "Mama, wewe ndiye mkubwa hapa. Sema wewe, auze asiuze. Sote tutafuata."

Nasra naye akakubali, huku midomo kaibana. Nikawaambia nitatoa neno langu jioni ya arubaini, watu wakishatawanyika. Kusema kweli neno nilikuwa nalo tayari: auze. Nilikuwa nangoja siku tu.

Hounslow: kuvishwa

Siku ya arubaini Hamad alitangulia asubuhi. Gari lake lilijaa masufuria ya pilau, mkewe, na wazee wawili waliokaa wameyapakata mabakuli kama watoto. Mimi na Nasra tufuate kwa treni, lakini kwanza tupitie Rayners Lane tukachukue halua niliyoiagiza kwa simu. Hitima ya kaka yangu bila halua haisomwi, hilo sikutaka kulijadili na mtu.

Tunatoka, treni hakuna. Wanatengeneza reli. Kwa nini wasitengeneze siku nyingine, sijui. Nasra akatazama simu yake, akasema kwa mabasi tutafika watu wanakunja mikeka. Kisha akaitazama pikipiki yake. Mtoto yule Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu Kiingereza na vipande vya Kiswahili, mpaka nimemzoea. Hapa nayaandika maneno yake kwa lugha yetu.

"Bibi, njia ipo."

"Hiyo sitaki."

"Basi hitima ya kaka yako itasomwa bila wewe."

Mnaona ujanja? Nikamwangalia. Hakucheka. Nikamwambia lete hayo makorokoro yako.

Jamani, kuvishwa kule! Mtu akienda peponi havishwi hivyo. Jaketi zito lenye mifupa ya plastiki begani na viwikoni, suruali ngumu yenye mifupa magotini, glovu, viatu vya kufunika kifundo. Nikamwuliza, "Tunakwenda hitimani au vitani?" Akaniambia lami haijui kama unakwenda hitimani. Kisha helmeti. Nilivaa mtandio mwembamba chini, yeye akanikaza kamba kidevuni mpaka mashavu yakakutana na pua. Nikawa nasikia pumzi zangu mwenyewe kama mtu aliyefunikwa chunguni.

Na pale pale, wallahi, akapita Kalasinga juu ya pikipiki yake, mzee mwenzangu, ndevu nyeupe, kichwani ana kilemba tu. Nikamshika Nasra mkono. "Yule mbona hana helmeti?"

"Yule ana ruhusa ya dini yake, Bibi. Kilemba."

"Na miye mtandio huu ni wa nini? Wa kuchezea mpira?"

"Wewe huna ruhusa."

"Kaulize."

"Sheria imeshaandikwa, Bibi. Panda."

Tukaja kwenye buibui. Yeye anataka niliache, nilitie kwenye sanduku la nyuma, ati litaliwa na mnyororo. Nikasema siendi barabarani na suruali mbele ya walimwengu. Tukabishana pale nje mpaka jirani akafungua dirisha. Mwisho nikalikunja buibui, nikalisokomeza ndani ya suruali na kulifunika na jaketi, nikawa nimevimba kama mjamzito wa miezi tisa. Nikapanda. Mguu huku, mguu huku. Nilimwomba radhi marehemu mume wangu.

Akanipa masharti. Miguu yote miwili isitoke pa kukanyagia hata tukisimama. Mikono imshike yeye kiunoni. Nikitaka asimame nimgonge bega mara moja. Na akikata kona nisimpinge, niende naye.

"Usifanye kitu chochote, Bibi. Kaa kama gunia la mchele."

Nimezaa saba, nimelea wa kwangu na wa watu, ili niambiwe niwe gunia.

Hounslow mpaka Rayners Lane: katikati ya njia

Sisi huku mwenye pikipiki hujibana ukingoni, magari yapite. Yule mtoto hakujibana. Akakaa katikati ya njia yake, sawasawa, kama bibi harusi, na magari yako nyuma yetu yanangoja. Nikamgonga bega. Akasimama pembeni, akafunua kioo cha helmeti.

"Nini, Bibi?"

"Sogea pembeni! Unawazuia watu!"

"Pembeni kuna mifuniko ya mitaro na vigae vya chupa. Na nikikaa pembeni watanibana wapite humo humo. Njia hii ni yangu kama ilivyo yao. Nikae wanione."

"Watakugonga."

"Wanamgonga wasiyemwona. Ndilo ulilonisimamishia hilo?"

Tukaenda. Nikamgonga tena, kwa sababu kila mara alikuwa anageuza kichwa. Taa ya kugeukia inalia tik-tik, ametazama kioo chake cha pembeni, basi si ungeenda? Hapana, anageuka na kutazama begani, mimi hapa nyuma yake namwona jicho lile. Nikadhani ananikagua. Nikadhani anatazama kama bibi yake bado yupo. Akasimama tena.

"Acha kunitazama," nikamwambia. "Tazama mbele. Nipo, sijadondoka."

"Sikutazami wewe," akasema, na sasa alikuwa anakasirika. "Bibi, plizi. Ukigonga nasimama. Gonga ukiwa unakufa."

Kisha njia ya mabasi. Huko wana njia imepakwa mstari, ya mabasi peke yake. Tukafika mahali magari yamejazana hayatambai, na njia ya mabasi tupu, nyeupe. Nasra akaingia humo, tukapita kama wafalme. Nikafurahi, nikasema sasa kumekucha. Baada ya mwendo kidogo njia nyingine ya mabasi, tupu vile vile, na yeye akakataa kuingia, akaenda kujipanga nyuma ya lori linalotoa moshi. Nikajizuia kumgonga. Nilijizuia mpaka taa nyekundu, nikampigia kelele ndani ya chungu changu: "Mbona ile uliingia na hii huingii?"

Akaonyesha kibao cha buluu. "Kile cha kwanza kimechorwa pikipiki. Hiki hakikuchorwa."

"Njia ni ile ile!"

"Mtaa si ule ule. Wenye mtaa huu hawajaruhusu."

Na pale pale kwenye taa, mbele yetu, kiboma cha mistari kimechorwa baiskeli ardhini, hakina mtu. Nikamwambia basi sogea humo, tuondoke moshi wa huyu. Akasema humo mwa baiskeli. Nikamwambia baiskeli ziko wapi? Akasema hata zisipokuwepo. Nchi ile hata nafasi tupu ina mwenyewe.

Kwenye kipilefti ndipo tulipotaka kuuana. Yeye akalala kushoto, nami nikaona tunaanguka, nikajivuta kulia kumsaidia. Pikipiki ikatikisika kama punda aliyeumwa na nzi. Alipotoka upande wa pili akanipigia kelele moja tu: "Gunia!"

Rayners Lane: halua

Duka liko karibu na stesheni. Mwenyewe ni Mhindi mzee, Bwana Karim, kazaliwa Mombasa, Kiswahili chake kitamu kama halua yake mwenyewe. Aliponiona naingia na helmeti mkononi akaiweka mizani chini.

"Bi mkubwa! Umekuja na farasi gani?"

"Usinicheke, Bwana Karim. Halua yangu iko wapi?"

"Iko. Lakini nilikuwa nangojea yule Bi Raya wa simuni, mwenye sauti ya hakimu. Sikuambiwa atakuja askari."

Akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi na bhajia za moto, na mkewe akaja kunishika lile jaketi kama anapima nyama. Ndipo nilipotulia kidogo siku ile. Nikaomba chumba, nikalitoa buibui surualini, nikalivaa sawasawa juu ya kila kitu, nikarudi kuwa mtu. Halua ikatiwa kwenye sanduku la pikipiki. Nasra keshapanda, helmeti ipo, injini inanguruma. Bwana Karim na wanaume wengine wanne watano wamesimama mlangoni kuniaga.

Sasa nyie niambieni. Mtu wa Wete, mbele ya wanaume watano, ainue buibui atanue miguu? Nikakaa tunavyokaa sisi. Upande. Miguu yote kushoto, mkono kiunoni kwa mtoto, buibui limetulia. Hivyo ndivyo nilivyopanda vespa ya mume wangu miaka na miaka, na kapu la ndizi mapajani, na sikuwahi kuanguka. Nikampiga bega mara mbili: twende.

Akaenda. Hatukufika mbali, alihisi uzito umekaa upande mmoja, akaanza kuvuta pembeni asimame. Lakini nyuma yetu tayari taa za buluu. Trafiki, naye yuko juu ya pikipiki.

Akashuka taratibu, jitu refu. Akazungumza na Nasra, sauti haipandi haishuki. Mimi namwona mjukuu wangu mabega yanashuka. Nikamwambia, "Mwambie kwetu wanawake ndivyo wanavyokaa."

"Nyamaza, Bibi."

"Mwambie nina miaka—"

"Bibi, nyamaza!" Hajawahi kunisemesha vile. Akageuka, macho yamejaa. "Huku abiria akikaa upande ni kosa la dereva. Langu. Leseni yangu ni changa. Naandikiwa alama tatu za makosa, na nyingine tatu leseni imekwenda. Hapo baba hana haja ya neno lako."

Nikanyamaza kweli. Yule trafiki akaniashiria nije. Akanisimamisha kando ya pikipiki yake, akaonyesha kwa mkono: wewe umekaa hivi, huyu anafunga breki, unakwenda hapa. Na pale alipoonyesha kidole, basi la abiria lilikuwa linapita, gurudumu lake limefika kiunoni kwangu. Hapakuhitajiwa mkalimani.

Akamwambia Nasra maneno marefu, kisha akafunga glovu zake. Hakuandika. Alimwonya tu. Lakini hakuondoka, alisimama palepale, mikono kifuani, anangoja kuona nikipanda. Na wanaume wa Bwana Karim bado wako mlangoni. Nikainua buibui mbele ya serikali na mbele ya Mombasa, nikatanua miguu. Hiyo ndiyo picha mliyoiona. Aliyepiga ni mke wa Bwana Karim, na kuituma kwa binamu yake Unguja, na mengine mnayajua.

Kuelekea Wandsworth: kati ya magari

Nilikuwa na hasira na kila mtu. Na trafiki, na Bwana Karim kwa kusimama mlangoni, na Nasra kwa kuwa na haki. Buibui nilikuwa nimelikusanya na kulikalia. Nikasema simgongi tena bega hata tukifika Ulaya nyingine.

Tukavuka mto pale Kew, na baada ya hapo magari yakasimama. Misururu miwili, haina mwisho. Nasra akapunguza mwendo, akaingia katikati ya misururu, akatambaa. Kushoto mlango, kulia mlango. Goti langu na vioo vya watu. Nilisoma kila aya ninayoijua na nyingine nusu. Baadaye nilimwuliza kama hilo si kosa, akasema linaruhusiwa, lakini upite polepole, uwe tayari kusimama, na ukikaribia njia panda ukae usubiri, kwa sababu hapo ndipo mtu hugeuza gari bila kufikiri. Kweli kila penye njia panda alikuwa anasimama, na mimi namlaani kwa kusimama kama nilivyomlaani kwa kwenda.

Karibu na Wandsworth mwanamume mmoja akateremsha dirisha, akanipigia kelele. Anaonyesha kidole, uso mwekundu. Nikasema yametimia. Nikafunua kioo cha helmeti, nikampa ya kwetu yote: nikamwambia hana adabu, mama yake hakumfunza, na barabara si ya babu yake. Akazidi kuonyesha kidole, nami nikazidi. Nasra akaingia kituo cha mafuta, akazima, akashuka, akachuchumaa nyuma.

Pindo la buibui lilikuwa limechomoka. Limening'inia, kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye mnyororo, na ncha yake tayari ina mafuta meusi.

"Alikuwa anakwambia hili," Nasra akasema. "Alikuwa anasema, mama, nguo yako."

Alipotupita pale kituoni alipiga honi kidogo akapunga mkono. Mtu niliyemtukania mama yake. Nikalivua buibui bila kuambiwa, nikalitia sandukuni juu ya halua, nikaendelea na safari na suruali mbele ya walimwengu.

Croydon: reli

Mvua ikaanza tunaingia Croydon, ile mvua yao isiyonyesha wala kukauka. Huko kuna tramu, gari moshi dogo linalopita barabarani pamoja na watu, na reli zake zimelazwa ndani ya lami. Zikilowa zinang'aa kama kisu.

Mbele yetu alikuwepo dereva wa pikipiki anayepeleka vyakula, begi kubwa la mraba nyuma. Alikuwa na haraka. Reli zinakata barabara kwa mshazari, naye akazipita kwa mshazari ule ule. Gurudumu likashika reli. Sikuona akianguka, niliona tu pikipiki inakwenda peke yake na yeye anateleza nyuma yake, na vikopo vya mchuzi vinabingirika mpaka ukingoni.

Nasra hakufunga breki kwa fujo. Alisimama, akaziwasha taa zote za kuwaka-waka, akaiacha pikipiki yetu imekinga njia ili magari yasimpitie yule. Akanishusha ukingoni kama mzigo, akamkimbilia. Akamwambia asivue helmeti, akamwuliza jina, akamshika vidole kimoja kimoja. Mtu mzima aliyeanguka, anaomba radhi kwa mchuzi. Alikuwa mzima. Suruali yake ya kitambaa ilichanika yote pajani na ngozi imekwenda nayo, lakini alisimama, na mwenzake akaja kumchukua.

Nilikaa ukingoni kwenye mvua na nikamwona mtoto wa Hamad akiteleza pale, si yule. Nikasema hiki ndicho mwanangu anachokiona kila akisikia injini alfajiri.

Nasra akarudi. "Panda, Bibi. Bado kidogo."

Tukazifikia reli zile zile. Akapunguza, akatazama kioo, akatazama bega, akaikunja pikipiki mpaka ikazielekea reli uso kwa uso, akazivuka moja kwa moja, bila breki bila kuongeza moto wa injini. Gari la nyuma likampigia honi. Hakuharakisha. Nami, kwa mara ya kwanza siku ile, nilikaa kama gunia la mchele.

Hitima tuliiwahi, ilikuwa imefika nusu. Nilivaa buibui langu lenye mafuta, nikakaa, nikamlilia kaka yangu, na halua ilisifiwa. Lakini nawaambia, kila nilipofumba macho naona reli. Neno langu halikubadilika, lilizidi kuwa gumu. Auze. Yeye ni mwangalifu, sawa. Barabara haikumwahidi kitu.

Kurudi: garini kwa Hamad

Nasra aliondoka mapema kwenda kumlaza mzee wake mmoja. Mimi nikarudi na Hamad. Jua la huko majira yale halitaki kuzama, kweupe kabisa. Nimekaa mbele, mkewe nyuma anasinzia na masufuria matupu. Mvua imekwisha, tumefika barabara pana, Hamad ana mkono mmoja kwenye usukani.

"Haya, Mama. Jioni imefika. Neno lako?"

Nikavuta pumzi nilitoe. Na wakati ule ule, sijui kwa nini, kwa mazoea ya siku moja tu, nikatazama begani. Nyuma yetu kidogo, upande wangu, palikuwa na pikipiki, taa moja, katikati ya njia yake kama bibi harusi. Na Hamad indiketa yake inalia tik-tik. Akatupa jicho kwenye kioo, akaanza kuingia kushoto.

Hakugeuza kichwa.

"Hamad! Bega!"

Akarudisha usukani. Honi. Yule mwenye pikipiki akayumba, akajishika, akatupita huku anatikisa kichwa. Masufuria nyuma yaligongana, mkewe akaamka anaita Mtume. Hamad akapandwa na jazba, kama wanavyopandwa madereva wote.

"Umewaona? Umewaona, Mama? Hawa watu hutokea hewani!"

"Hakutokea hewani," nikamwambia. "Alikuwa hapo. Alikuwa njiani mwake, kakaa aonekane. Wewe hukugeuka."

"Nimetazama kioo."

"Mwanao hutazama kioo, kisha bega. Kila mara. Leo nzima nimemgombeza kwa hilo, nikidhani ananikagua mimi. Wewe na gari lako lote hili na mikanda yako, umetazama kioo."

Tukaenda. Mikono yote miwili sasa ilikuwa kwenye usukani. Akasema polepole, si kwa kuniuliza, "Angekuwa Nasra."

"Angekuwa Nasra. Na yeye asingekuwa na kosa."

Ndipo nikatoa neno, na halikuwa lile nililokuja nalo. Nikamwambia pikipiki haiuzwi. Hatari ipo, nimeiona leo kwa macho yangu inateleza kwenye reli, wala sitamdanganya mtu. Lakini sitamwondoa barabarani anayetazama ili nimwachie barabara asiyetazama. Na nikamwongezea sharti, kwa kuwa walisema watafuata: siku moja atapanda nyuma ya binti yake, Hounslow mpaka Croydon, avae mifupa yote ile, akae kama gunia, asigonge bega ila akiwa anakufa.

"Mama, goti langu."

"Goti lina pa kukanyagia. Miguu miwili, mmoja kila upande."

Wete

Basi ndiyo maana juzi kule bandarini mlinicheka. Kijana wa bodaboda ananiambia, "Bibi, kaa upande, nitakufikisha." Nikamwuliza helmeti ya pili iko wapi. Hana. Nikamwuliza na yako? Kaitundika kwenye usukani kama kapu la sokoni. Nikaenda kutafuta gari, jua linachoma. Mlioniona nang'ang'ana na mizigo mkadhani Ulaya imenitia majivuno. Si majivuno. Nimeliona gurudumu la lile basi lilivyo kubwa.

Jana usiku Nasra ameniletea picha, na hii naitaka muizungushe kama mlivyoizungusha yangu. Hamad yuko nyuma ya binti yake, helmeti imembana mashavu mpaka midomo imechomoza, mikono imemng'ang'ania mtoto kiunoni, uso wa mtu aliyeng'ata limau bichi. Chini mtoto kaandika: Bibi, amenigonga bega mara kumi na moja.

Lakini tazameni miguu. Iko sawa, yote miwili.